Juu ya Kitabu cha Mpenda-Uta cha Mwalimu Roger Ascham

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuletewa habari za makabila yetu, jinsi ya kuoa na kuzika, kulima na kufua chuma. Safari hii twaomba ruhusa ya kutoka nje kidogo, twende hata Uingereza ya mwaka 1545, tukakitazame kitabu kilichotungwa na mwalimu juu ya uta na mshale. Jina lake ni Toxophilus, neno la kuundwa kwa Kiyunani, na maana yake ni Mpenda-Uta. Hatukileti kwa kuwa twataka kuwarudisha watu kwenye vita vya mishale, la hasha. Twakileta kwa kuwa mwandishi wake alitenda jambo ambalo sisi walimu wa nchi hizi twalisema kila mwaka na hatulitendi. Alichukua ufundi wa watu wa kwao, akauandika kwa lugha ya watu wa kwao.

Na kabla hatujaendelea, neno moja juu ya uta wenyewe. Wengi siku hizi husema upinde, nalo ni neno jema, latoka katika kupinda. Lakini uta ndilo neno la wahenga, wingi wake mata au nyuta, nalo limeenea katika lugha nyingi za Kibantu, hata Mkamba akilisikia kwa Mswahili hahitaji mkalimani. Basi katika maneno yetu haya tutasema uta, na upinde tutauacha uwe wa mvua.

Ascham alizaliwa katika jimbo la Yorkshire yapata mwaka 1515, akasoma Cambridge katika chuo cha St John's, akawa mwalimu wa Kiyunani huko huko. Mwaka 1548 alichukuliwa kuwa mwalimu wa binti mfalme Elizabeth, ambaye baadaye alikuwa malkia. Alikufa mwaka 1568, na miaka miwili baadaye kikachapwa kitabu chake kingine juu ya kufundisha watoto, ambacho walimu wakijua zaidi kwa kuwa kinakataza kuwapiga watoto kwa ajili ya masomo. Lakini hicho si kitabu chetu leo.

Mpenda-Uta ni mazungumzo ya watu wawili. Mmoja ndiye Mpenda-Uta mwenyewe, wa pili aitwa Philologus, yaani Mpenda-Elimu. Mpenda-Elimu amkuta mwenziwe akitembea shambani, macho yamezama katika kitabu cha Plato, naye amshangaa kwamba siku njema kama ile, wenziwe wamekwenda kupiga mata, yeye asoma. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Kitabu kina sehemu mbili: ya kwanza yatoa sababu za kuusifu uta, ya pili yafundisha jinsi ya kuupiga. Twasema tangu mwanzo kwamba sehemu hizi mbili si za thamani moja. Kama mtu angetuuliza aanze kusoma wapi, tungemwambia aanze na ya pili.

Katika dibaji yake mwandishi akiri kwamba kuandika kwa Kilatini au Kiyunani kungalikuwa rahisi kwake zaidi, tena kungalimpa sifa zaidi mbele ya wasomi. Hata hivyo aliona ni afadhali kuandika jambo la Kiingereza, kwa Kiingereza, kwa ajili ya Waingereza. Msomaji na akumbuke kwamba zama zile lugha ya Kiingereza ilidharauliwa na wenye elimu. Waliokiandika wengi wao walikuwa hawajui Kilatini, na walioijua elimu walikiona Kiingereza kama nguo ya kazini. Ascham hakukitetea kwa hotuba ndefu. Alikivaa tu, akaingia nacho mbele ya mfalme Henry wa Nane, naye mfalme akapendezwa, akampa posho ya pauni 10 kwa mwaka.

Hapa twamsifu bila kusita. Lakini twaongeza jambo moja ambalo wanaomsifu hulisahau. Ascham alikuwa na bahati ambayo sisi hatunayo: maneno ya ufundi ule yalikuwa hai vinywani mwa watu wote waliomzunguka. Seremala wa mata, mfua vyembe, mvulana wa kijijini, wote waliyatamka kila siku. Yeye kazi yake ilikuwa kuyapanga. Sisi tukitaka kufanya kazi ile ile, hatuna budi kwanza kuyatafuta. Upote, ndio uzi wa uta. Wano, ndilo gongo la mshale. Chembe na kigumba, ndivyo vichwa vyake vya chuma. Podo au ziaka, ndiyo mfuko wa mishale. Tuliwauliza vijana ishirini na wawili wa darasa moja maana ya maneno haya. Podo walilijua, kwa kuwa limo katika Biblia. Upote alilijua mmoja, naye alidhani ni kamba ya kufungia mbuzi. Wano hakulijua hata mmoja. Wala vijana hao si wavivu. Hawajapata kuona kitu chenyewe, nani awalaumu?

Sasa na tuingie sehemu ya kwanza. Mwandishi ataka kuonyesha kwamba uta wafaa wakati wa amani, kwa kuwa ni mchezo wa halali uwatoao vijana kwenye kamari na karata, na kwamba wafaa wakati wa vita kupita silaha zote. Juu ya amani asema vizuri, tena kwa moyo. Mwenye kusoma kutwa nzima, asema, ahitaji mchezo wa kuunyosha mwili bila kuuvunja, na uta ndio mchezo huo. Twamwamini, maana yasemekana alikuwa mtu wa afya dhaifu.

Juu ya vita ndipo anapotuchosha. Atuletea Waajemi, Waskithi, Waparthi waliomshinda Crassus wa Rumi mwaka 53 kabla ya Kristo, tena Waturuki, tena mashujaa wa Homer, na mfalme Daudi naye aitwa kutoa ushahidi. Kila taifa lililoshinda likiwa na mata, lilishinda kwa mata. Kila lililoshindwa, halikuwa na mata ya kutosha. Huku si kupima habari, huku ni kukusanya mashahidi waliokwisha kula chakula cha mdai.

Mashahidi wake wenye nguvu ni wa kwao Uingereza, nao twakubali kuwasikiliza. Huko Crécy, tarehe 26 Agosti mwaka 1346, jeshi la mfalme Edward wa Tatu liliwavunja kwanza Wagenoa wenye mata ya mitambo waliokodiwa na Wafaransa, kisha likawaangusha wapanda farasi waliokuja kwa fujo, kundi baada ya kundi. Huko Poitiers mwaka 1356 mfalme wa Ufaransa mwenyewe alitekwa. Huko Agincourt, tarehe 25 Oktoba mwaka 1415, Waingereza wachache, wenye njaa na kuharisha, waliwashinda Wafaransa waliokuwa wengi kuwapita, na katika jeshi la Waingereza wapiga mata walikuwa wengi kupita askari wa deraya kwa mbali. Mambo haya ni kweli.

Lakini tazama jinsi yalivyokuwa kweli. Agincourt mvua ilinyesha usiku kucha juu ya shamba lililolimwa. Uwanja ulikuwa mwembamba kati ya misitu miwili. Wapiga mata walichomeka vigingi vilivyochongwa mbele yao ili farasi wasiwafikie. Wafaransa wa deraya walikuja kwa miguu matopeni, wamebanana hata hawakuweza kuinua mikono, na waliojikwaa walikanyagwa na wenzao. Kisha wapiga mata waliacha mata, wakaingia kati yao na nyundo na mashoka. Mshale ulifanya kazi kubwa, ulijeruhi farasi, uliwafanya watu wainamishe vichwa na kusongamana. Lakini tope nalo lilikuwa askari siku ile, wala halikupewa posho. Mwandishi wetu akiacha tope na vigingi, aufanya uta kuwa uchawi. Na kama uta ni uchawi, kwa nini haukuwaokoa Waingereza huko Castillon mwaka 1453, walipouawa kwa mizinga ya Wafaransa iliyokaa nyuma ya boma, na vita vya miaka mia vikaisha kwa wao kupoteza karibu nchi yote waliyoishika Ufaransa?

Ajabu ni kwamba Shakespeare alikosa upande wa pili. Katika mchezo wake wa Henry wa Tano, uliotungwa yapata mwaka 1599, vita vya Agincourt vimo, na uta haumo. Mmoja ameandika kana kwamba hakukuwa na kitu ila uta, mwingine kana kwamba uta haukuwako. Hivyo ndivyo vitabu vikubwa navyo vinavyohitaji kusomwa kwa jicho wazi.

Tena mizinga na bunduki. Ascham azitaja kwa ufupi, akakiri kwamba vita vya siku zake vina silaha za aina mbili, akapita. Alipoandika, mfalme wake alikuwa ametoka kuuteka mji wa Boulogne mwaka uliotangulia, na mizinga ndiyo iliyofanya kazi pale kutani. Miaka 50 baadaye, mwaka 1595, baraza la malkia Elizabeth, mwanafunzi wake yule yule, liliamuru mata yasihesabiwe tena kuwa silaha za askari wa majimbo, wapewe bunduki. Hatumlaumu mtu kwa kutoijua kesho. Twamlaumu kwa kutotaka kuitazama leo yake.

Jambo lingine twalisema kwa uzito, kwa kuwa sisi ni walimu wa Kikristo, naye pia alikuwa Mkristo. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1139 ulikuwa umeulaani ufundi wa mata ya mitambo na wa mata ya mkono, utumiwapo juu ya Wakristo. Makatazo hayo hayakushikwa sana, twajua. Lakini katika kitabu cha Ascham, kinachojaa majina ya watakatifu na wafalme, hatukuona mahali anaposimama kidogo na kumtazama mtu aliyepigwa. Mishale yote yaenda, na kwake mwisho wake ni shabaha. Mtu aliyeandika baadaye kwamba mtoto asipigwe fimbo, tulimtazamia aseme neno juu ya hilo.

Na sheria je? Edward wa Tatu aliamuru mwaka 1363 kwamba watu wajifunze kupiga mata siku za sikukuu, na michezo mingine ya ovyo waiache. Henry wa Nane alitoa amri za namna hiyo hiyo mara kadhaa. Ascham azisifu sheria hizo. Sisi twaona kwamba watu wakihitaji kuamriwa mara nyingi hivyo kuupenda uta wao, basi mapenzi yalikwisha kupungua zamani. Na mwenye kusoma kitabu hiki kwa makini ataisikia hofu hiyo chini ya sifa zote. Kitabu chenyewe kisingaliandikwa katika kizazi cha Crécy. Nani humwandikia samaki juu ya maji?

Twaja sasa sehemu ya pili, na hapa twavua kofia. Kelele za Wayunani zapungua, na anayesema ni mtu aliyevunja mata kadhaa kwa mikono yake. Aeleza vyombo kimoja kimoja: ngao ndogo ya ngozi ya kuukinga mkono wa kushoto upote usiukwaruze, glavu ya vidole, upote, uta, mshale. Uta mwema, asema, ni wa mti uitwao yew, ambao una majani mabichi mwaka mzima, na majani hayo ni sumu kwa ng'ombe na farasi. Mti huo una siri: mbao zake za nje, nyeupe, hustahimili kuvutwa, na za ndani, nyekundu, hustahimili kubanwa, basi fundi akiuchonga uta mahali pa kukutana rangi hizo mbili, nyeupe ikiwa upande wa mbele na nyekundu upande wa tumbo, mti mmoja wafanya kazi ya miti miwili. Kwa mawano ya vita apendelea mti mzito uitwao ash. Kwa manyoya hakubali ndege yeyote ila bata bukini, na juu yake asema mengi sana, hata Mpenda-Elimu amcheka.

Tuliposoma habari hizo tulimkumbuka mzee mmoja wa Kikamba aliyetuonyesha mata yake miaka mingi iliyopita. Wakamba walisifiwa kwa mata, na walijilinda kwayo dhidi ya majirani wenye mikuki na ngao. Lakini fikira yao si ile ya Waingereza. Mwingereza alitegemea uzito: uta mkubwa, wano zito, chembe ya kutoboa deraya. Mkamba ategemea sumu, ile ichemshwayo kutoka mti ambao wataalamu huuita Acokanthera, na ambayo pwani huitwa uchungu, kwa jina lile lile la maumivu. Mshale wake ni mwepesi, na sehemu iliyopakwa sumu huvikwa ngozi nyembamba ili isikauke wala isimdhuru mwenyewe, hata dakika ya kupiga ndipo ivuliwe. Mzee yule alitufungulia ngozi hiyo kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu amfunuaye mtoto mchanga. Na Waata wa nchi ya Tsavo, wawinda ndovu, waliunganisha mambo yote mawili: sumu hiyo hiyo, na mata ya kuvutwa kwa nguvu ya ratili 100 na kuzidi, ambayo Mwingereza wa Agincourt asingaliyadharau. Ascham alikusanya mataifa mengi yapigayo mata, lakini ya kwetu hakuyajua, wala hatumdai.

Kisha yaja mafundisho ya kupiga, nayo ameyagawa mafungu matano: kusimama, kutia mshale katika upote, kuvuta, kushika, na kuachia. Tumejaribu kuyatia katika Kiswahili kwa ajili ya darasa letu, na kazi hiyo imetufunza zaidi ya kusoma. Kusimama na kuvuta ni rahisi. Kushika kwatatiza, maana kwake si kukamata, bali ni kule kutulia kwa punde baada ya kuvuta kabisa na kabla ya kuachia. Mwandishi mwenyewe asema kusiwe kurefu hata kuutia uta hatarini. Tulijaribu kuzuia, tukaona ni kuzito; tukajaribu kutuliza, tukaona ni kulegevu. Kisha aorodhesha makosa ya wapigaji, wanaokunja nyuso, wanaouma midomo, wanaorukaruka na kuufuata mshale kwa mwili kana kwamba wataugeuza njiani, na hapo darasa zima lilicheka, kwa sababu kila mvulana alimwona mwenziwe arushapo jiwe kupiga embe.

Lakini mahali pazuri kupita pote katika kitabu hiki ni pale anaposema juu ya upepo. Mpiga mata, asema, adui yake mkubwa ni kitu kisichoonekana. Ndipo atoa kisa chake. Siku moja ya baridi alikuwa akisafiri kwa farasi katika njia ya kutoka Topcliffe kwenda Boroughbridge, katika jimbo la kwao. Theluji ilikuwa imelala nchi yote, jua lawaka, na juu ya theluji ngumu palikuwa na unga mwepesi wa theluji usioshikamana. Upepo ulipovuma uliuchukua unga ule, naye kwa mara ya kwanza maishani akauona upepo kwa macho. Aliona kwamba haukwenda kama ukuta mmoja. Ulikwenda mikondo mikondo, huu wakaza, ule walegea, na kati yake mahali patulivu. Mara wasimama, mara wageuka, mara wapanda. Akasahau safari, akawa akitazama. Akajua tangu hapo kwa nini mishale miwili ya mtu mmoja, iliyopigwa kwa namna moja, haiangukii mahali pamoja.

Sisi theluji hatuijui ila juu ya Kilimanjaro na Kenya, tena kwa mbali. Lakini jambo hili twalijua. Mtu aliyesimama ufukweni wakati wa kusi kali, maji yakiwa yamekupwa, ameuona mchanga mkavu ukitambaa juu ya mchanga mbichi kama nyoka weupe wengi, wengine wakienda, wengine wakisimama. Tuliona hivyo tangu utoto wetu, wala hatukupata kufikiri kwamba tulikuwa tukiutazama upepo wenyewe. Ilitupasa tuambiwe na Mwingereza aliyekufa mwaka 1568. Katika kisa hiki hakuna Myunani hata mmoja, hakuna mfalme, hakuna sifa za mtu. Laiti kitabu chote kingaliandikwa hivi!

Imebaki habari moja, nayo Ascham hakuweza kuijua. Mwaka ule ule kilipochapwa kitabu chake, tarehe 19 Julai 1545, jahazi kubwa la vita la mfalme Henry, liitwalo Mary Rose, lilizama karibu na Portsmouth pamoja na watu wake karibu wote. Lilikaa chini ya tope hata mwaka 1982, lilipoinuliwa. Ndani yake yalipatikana mata mazima 137, na mishale zaidi ya 3,500. Wataalamu wakapima, wakaona kwamba mengi ya mata yale yalihitaji nguvu ya ratili 100 hata 185 kuyavuta. Na katika mifupa ya mabaharia waliona mabega ambayo kifundo chake hakikuungana kama ilivyo desturi, jambo ambalo wengine wamelieleza kuwa ni kazi ya kuvuta mata mazito tangu utoto.

Hapo ndipo tulipotambua upungufu wa kweli wa kitabu hiki, ambao hatukuuona tulipokisoma mara ya kwanza. Ascham afundisha uta wa muungwana wa Cambridge, unaolingana na nguvu ya mwenye kuupiga, wa kuchezewa jioni baada ya Plato. Uta uliokwenda vitani ulikuwa kitu kingine, na mwili ulioupiga ulikuwa mwili mwingine, uliopindwa tangu utotoni kama mti wenyewe. Watu wenye miili hiyo hawakuandika kitabu. Waliandikiwa na mwalimu wao, kwa lugha yao, kwa mapenzi makubwa, naye hakuyagusa mabega yao. Vivyo hivyo bahari imeacha pengo ambalo yeye alijaza: manyoya ya mishale ya Mary Rose yameoza yote, yamebaki mabaki ya gundi na alama za uzi juu ya mawano, ni kwa Ascham tunapojua kwa nini mpigaji alimtaka bata bukini.

Tafsiri yetu ya sehemu ya pili imefika kwenye fungu la kutia mshale, nayo imekwama kwa ajili ya neno moja. Twataka jina la ule mkato mdogo ulio mwisho wa wano, uingiapo upote. Mzee wa Kikamba tuliyemtaja amekwisha kufariki, na siku ile hatukumwuliza. Tumeandika “pengo la mshale,” wala haliturudhishi. Msomaji wa Mrima, wa Rabai, wa Ukambani au wa Unyamwezi alijuaye jina lake na atuandikie, pamoja na jina la mahali alipolisikia na umri wa aliyelisema.